Mvi na Nguvu: Uzee Katika Vijiji vya Kilifi

Katika vijiji vya Ganze, Kaloleni na Magarini, Kaunti ya Kilifi, wako wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi. Mgeni akiwaona huenda akatabasamu na kudhani kwamba ni urembo wa ukubwani. Sivyo. Kwa miaka mingi sasa magazeti na redio za Kenya zimeeleza habari za wazee hawa na sababu yao: mvi huweza kumfanya mtu ashukiwe uchawi, na mshukiwa wa uchawi huweza kuvamiwa usiku na kukatwa panga akiwa kitandani mwake. Basi rangi hununuliwa, hupakwa faraghani, na baada ya wiki chache weupe huanza kuchungulia tena chini ya weusi, mzee akalazimika kurudi dukani.

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyekula chumvi nyingi: mzee, shaibu, ajuza, mkongwe, kikongwe, bibi kizee. Baadhi ya maneno haya yana historia yenye mafunzo. "Shaibu" lina asili yake katika Kiarabu, na mzizi wake ni mvi. "Ajuza" nalo limetoka huko huko, na ni ndugu wa "ajizi", yaani kushindwa au kutojiweza. Kwa hivyo mwanamume aliyezeeka alipewa jina kwa rangi ya nywele zake, na mwanamke kwa udhaifu wake. Wanaisimu watatukumbusha, na ni haki yao, kwamba asili ya neno si sheria ya maana yake ya leo. Hata hivyo, anayefika Kilifi akitarajia kumkuta ajuza asiyejiweza atahitaji kulisahihisha kamusi lake.

Na tumtazame huyo ajuza. Huamka kabla ya jogoo kumaliza kazi yake. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ukijaa maji, una uzani wa kilo 20 na ushei, na katika sehemu kavu za Ganze na Magarini maji hayako karibu. Atautwika kichwani na kurudi nao, shingo imenyooka, mkono mmoja ukiwa huru kwa kuzuia matawi ya njiani. Baadaye kuna kinu na mchi, kuna kuni, kuna shamba la mahindi na muhogo, kuna mbuzi wa kufungiwa. Mara nyingi kuna wajukuu vilevile, kwa kuwa wazazi wao wamekwenda Mombasa, Malindi au Watamu kutafuta kazi za hoteli na za nyumba za watu. Jua linapokuwa kali ataketi chini ya mwembe na kushona makuti. Kazi hii huonekana kuwa ya kupumzika mpaka mtu aijaribu mwenyewe. Vidole hukunja, huvuta na kufunga jani baada ya jani, na makuti hayo ndiyo yanayoezekwa juu ya vichwa vya watalii wanaokunywa madafu Watamu.

Mwanamume naye ana minazi yake. Minazi mirefu ya Pwani hufika mita 20 na kuzidi, na shina lake huchongwa vidato vya kutia mguu. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni na kibuyu mkononi au mgongoni, akaenda kukata ncha ya kole na kuteremka na tembo lake. Wako wagema waliofanya hivi tangu ujanani mpaka wakawa na vitukuu. Ukubwa wa miaka haumteremshi mgema mtini. Mara nyingi humteremsha goti, au macho yanapoanza kumdanganya kuhusu kidato kilipo. Siku mgema anapoacha kupanda huwa ni siku nzito nyumbani, japo hakuna anayeitangaza. Kijana atapandishwa badala yake, na mzee atasimama chini akielekeza. Methali humtaja mgema anayelitia tembo maji akisifiwa. Haisemi anafanya nini mgema ambaye hakuna tena anayemsifu.

Sayansi ya tiba imekuja kuyapa majina yaliyojulikana vijijini. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe Irwin Rosenberg aliunda istilahi ya Kigiriki ya kutaja kupungua kwa nyama za mwili kunakoletwa na umri, na tangu hapo jambo hilo limechunguzwa sana. Misuli huanza kupungua kidogo kidogo kabla hata mtu hajaitwa mzee, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Mwaka 2015 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliohusisha watu takriban 140,000 katika nchi 17. Waliombwa tu kubana kifaa kwa mkono kwa nguvu zao zote. Ilidhihirika kwamba udhaifu wa mbano wa mkono ulibashiri kifo vizuri zaidi kuliko kipimo cha juu cha shinikizo la damu. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba wazee wenye mbano dhaifu ndio pia wanaoelekea kuwa na sonona, na kwamba mazoezi ya kuimarisha misuli hupunguza dalili zake. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri watu wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki, waimarishe misuli angalau siku mbili, na wafanye mazoezi ya kusimama imara siku tatu ili wasianguke.

Msomaji atakayezihesabu dakika za bibi wa Ganze ataona kwamba 150 zimekwisha kabla ya wiki kufika katikati. Ni rahisi kutoka hapo na kuingia katika sifa: kwamba shamba ni afya, kwamba wazee wa zamani walikula vizuri na hawakuugua. Sifa za namna hii hupendwa sana mijini, hasa na watu ambao hawajawahi kubeba mtungi. Ukweli una pande zake. Bibi huyo habebi maji kwa ajili ya siha. Hubeba kwa sababu asipobeba hakuna atakayepika. Mgongo wake humuuma. Ukame unapozidi, sahani yake ndiyo ya kwanza kupunguzwa, na yeye ndiye anayeipunguza ili wajukuu washibe. Misuli haijengwi kwa sima na mboga peke yake. Nguvu anazozionyesha ni halisi, lakini hazina akiba.

Pamoja na hayo, kuna kitu katika kazi hizo ambacho kipimo cha mkono hakikipimi. Anayebeba maji anangojewa. Anayeshona makuti atauliziwa makuti. Mtoto akiugua usiku, mlango wake ndio unaobishwa. Moyo wa mzee wa kijijini husimama juu ya kungojewa huku na kuulizwa huku. Wazee wenyewe, wanapozungumza juu ya nguvu, huzungumza zaidi juu ya nani aliwajia kuliko juu ya mikono na miguu yao.

Historia ya Wagiriama ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mnyazi wa Menza, anayejulikana zaidi kwa jina la Mekatilili, hakuwa kijana mwaka 1913 alipoanza kuwahamasisha watu wake wakatae kodi na kazi ya lazima ya Waingereza. Alikuwa mjane, mtu mzima mwenye watoto. Chombo chake kilikuwa kifudu, ngoma ya wanawake ya matanga, ambayo aliicheza kijiji baada ya kijiji watu wakimfuata, mpaka wakakusanyika Kaya Fungo kula viapo. Serikali ilimkamata, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi. Mwezi wa Januari 1914 walitoroka na kurudi kwao, safari ya mamia ya kilomita ambayo mapokeo yanasema waliikamilisha kwa miguu. Mwaka huo huo Waingereza waliibomoa Kaya Fungo kwa baruti, na Mekatilili akakamatwa mara ya pili. Aliporejea mwaka 1919 hakufungiwa jikoni awe bibi wa kuchunga wajukuu. Alirudi kayani, miongoni mwa wakuu. Miguu yake ilitembea kwa kuwa kulikuwa na watu waliongojea afike.

Leo sanamu yake imesimama Malindi, na kila Agosti hufanyika sherehe za kumkumbuka. Inasikitisha, na pengine inatisha, kufikiri kwamba mama wa aina hiyo, mjane, mwenye umri, mwenye sauti, mwenye kujua dawa na viapo, akijitokeza leo katika baadhi ya vijiji vya kaunti hiyo hiyo angeweza kufikiwa na genge la vijana kabla hajacheza ngoma ya pili.

Hapa ndipo suala la nguvu za wazee wa Kilifi linapotofautiana na lile linaloandikwa katika miongozo ya afya. Kwingineko mzee huambiwa ajitahidi awe na nguvu ili aishi kwa furaha. Katika vijiji hivi, nguvu zenyewe huweza kuwa ushahidi dhidi yake. Akidhoofika, husemwa kuwa mzigo. Akibaki imara huku ndugu zake wamekufa, mtoto wa jirani ameugua, na mpwa wake amepata ajali ya pikipiki, swali huanza kuzunguka chini chini: mbona yeye hafi? Husemwa kwamba anakula umri wa wengine. Mtu aliyezika wenzake wote, badala ya kupewa pole, hutazamwa kwa hesabu. Kila mwaka anaouongeza huwa deni.

Uchawi ndio unaotajwa, lakini maafisa wa utawala na wazee wa kaya wamerudia kusema hadharani kwamba mara nyingi nyuma yake kuna ardhi. Suala la ardhi katika Pwani hii ni refu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilifungua mlango wa kuandikisha mashamba katika ukanda wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na Wamijikenda wengi walijikuta maskwota katika ardhi waliyoilima. Walipobahatika kupata au kubakiza mashamba bara kidogo ya ukanda huo, mashamba hayo yaliwekwa mikononi mwa wazee, kwa niaba ya ukoo. Desturi hiyo ilifaa wakati ardhi ilipokuwa ya kulima. Sasa ardhi imekuwa pia ya kuuza. Kijana asiye na kazi anayaona mashamba ya baba yake kama pikipiki au nyumba ya mabati, na kati yake na hayo yote amesimama mtu mmoja mwenye mvi ambaye bado anaweza kushika jembe. Uzima wa mzee ndio unaochelewesha urithi.

Anayeijua fasihi ya Pwani hawezi kuyafikiria haya bila kumkumbuka Fumo Liyongo. Upande wa kaskazini, kuelekea Ozi na Kipini, husimuliwa habari za shujaa huyu ambaye hapakuwa na silaha ya kumwua ila sindano ya shaba kitovuni. Maadui walishindwa na mwili wake, wakamtafuta mwanawe. Mwana akaahidiwa makubwa, akamwuliza baba siri ya uhai wake, baba akajua anachoulizwa na bado akajibu. Liyongo hakuwa kikongwe, na ufalme si shamba la minazi. Lakini kila anayeusoma utendi wake hushangazwa na jambo lile lile, kwamba nguvu zote zile hazikumkinga na mtu aliyeingia mlango wa nyumba yake akimwita baba. Simulizi linaongeza kwamba alikufa akiwa amepiga goti, upinde umevutwa, na watu wakaogopa kwa siku kadhaa kwenda kisimani kuteka maji. Watu wa mji walipata hasara ya nguvu zile baada ya kuzimaliza wenyewe.

Wanafunzi wa fasihi nao hawawezi kunawa mikono. Katika ngano zinazosimuliwa na kukusanywa, bibi kizee anayeishi peke yake pembezoni mwa kijiji ana sura mbili. Ama humpa msafiri shauri jema, ama hula watoto. Kwa mtoto anayesikiliza, dalili ni zile zile: macho mekundu, mgongo uliopinda, kibanda kisicho na jirani. Macho ya bibi wa kweli yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la kuni wa miaka 50, na mgongo umepindwa na mitungi. Ngano hazikumwua mtu yeyote. Lakini ni haki kuuliza ni sura ipi kati ya hizo mbili inayorudiwa zaidi katika vitabu vya hadithi vya shule, na katika filamu zinazoonyeshwa vibandani jioni.

Kwa upande wa sheria, ulinzi upo katika maandishi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyoachwa na wakoloni, inaadhibu wanaojidai kuwa wachawi, na pia inafanya kuwa kosa kumshtaki mtu kwa uchawi isipokuwa mbele ya mtu mwenye mamlaka. Isipokuwa hiyo ni pana: mtu akimtaja jirani yake kwa chifu hajavunja sheria. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa uwafikie waliotimiza miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni kidogo, na zimekuwa na tabia ya kuchelewa. Lakini zinapofika, babu huwa tena mtu wa kuombwa daftari, na hilo lina uzito ambao haumo katika noti zenyewe.

Kuna kejeli nyingine ambayo ni vigumu kuipita. Wagiriama walikuwa, na wengine wangali, na desturi ya kuwasimamishia vigango wazee waliokuwa wanachama wa chama cha Gohu. Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa kwa umbo la mtu. Husimikwa ili koma ya marehemu itulie, na haipaswi kuhamishwa. Tangu miaka ya 1970 nguzo hizo ziliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara, nyingi zikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Marekani. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy, aliyekuwa amempiga picha mzee mmoja mbele ya vigango vya ndugu zake mwaka 1985, alivikuta baadaye katika mikusanyo ya vyuo vikuu vya Marekani, na baada ya juhudi nyingi vilirudishwa Kenya mwaka 2006 na 2007. Mzee wa mti alisafirishwa kwa ndege, akatunzwa, akaandikiwa barua, akarudishwa kwao kwa sherehe. Katika miaka hiyo hiyo wazee wa nyama na damu walikuwa wakitoroka vijiji hivyo hivyo usiku, bila viatu.

Baadhi yao hukimbilia Kaya Godoma, huko Ganze. Ni kituo cha kuwahifadhi wazee walioshukiwa uchawi, kinachoendeshwa na Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, ambacho hujulikana zaidi kwa kifupi cha MADCA na ndicho pia kilichosimamia kumbukumbu za Mekatilili. Kuwa na mahali kama hapo ni jambo la heri, na waliolianzisha wanastahili shukrani. Hapo mzee hulala. Panga halimfikii. Tena ana wenzake wa rika lake wanaojua habari yake bila kusimuliwa, na hilo ni dawa ambayo hospitali haina.

Lakini mtu aliyehamishwa akiwa na miaka 70 hahamishwi mwili tu. Aliyekuwa akingojewa na maji hangojewi tena na mtu. Wajukuu aliowalea wanakua bila yeye, na wanakua wakisikia sababu ya kuondoka kwake kutoka kwa wale wale waliomwondoa. Akirudi, ardhi huenda imekwisha kugawanywa. Asiporudi, huonekana amekiri. Mikono iliyozoea jembe la kutwa hukaa magotini, na miezi michache ya kukaa huweza kuziondoa nguvu ambazo miaka 50 ya jua haikuziondoa. Watafiti wa misuli wanalijua hili, kwamba mwili wa mzee usiotumiwa hupoteza upesi na hurejesha polepole. Wanaopima mbano wa mkono wangefika Godoma wangepata namba zao. Sababu yake wangeikuta katika vijiji walivyopita njiani.

Minazi hubaki nyuma. Mnazi mrefu wa Pwani huanza kuzaa baada ya miaka kama sita tangu kupandwa na huendelea kwa miaka 60 na zaidi, kwa hiyo aliyeupanda ujanani mwake alikuwa na hakika kwamba utakuwapo uzeeni kwake. Mwenyewe asipokuwapo, mtu mwingine huvitumia vile vidato alivyovichonga, au hakuna anayepanda kabisa, na nazi zikikauka huanguka zenyewe usiku, moja moja, mbele ya nyumba iliyofungwa.